Injini ya Daladala

Kuna hoja moja inayosikika karibu katika kila familia iliyofiwa na baba, nayo humaliza mjadala kabla haujaanza: "Marehemu angetaka hivi." Shamba liuzwe au lisiuzwe, binti aolewe Desemba au angoje Pasaka, mti ulio nyuma ya nyumba ukatwe au uachwe, hakosekani mtu wa kusema marehemu angetaka. Mimi nimeisikia kwa miaka minne kuhusu gari. Katika miaka hiyo nimefika mahali pa kuiona ni hoja mbaya kuliko zote tulizotumia, mbaya kuliko hata ile ya pesa, kwa sababu ile ya pesa angalau mwenyewe anajulikana.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, ya mwaka 1977. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, lakini kwetu Karatu namba hiyo ni jina kamili, halihitaji maelezo. Baba alikuwa bwana mifugo. Aliliendesha gari hilo kikazi kwa miaka tisa, likiwa na maboksi ya barafu ya chanjo huku nyuma, na serikali ilipolipeleka kwenye mnada wa magari chakavu mwaka 1991 akalinunua. Pale mnadani ni yeye peke yake aliyejua kila ugonjwa wake, na hakumwambia mtu.

Baada ya hapo likafanya kazi ambazo 109 zote za kwetu hufanya. Lilibeba vitunguu kutoka Mang'ola. Lilibeba watu na mbuzi kwenda mnadani, watu wakikaa na mbuzi wakisimama, au kinyume chake. Usiku lilibeba wajawazito kwenda hospitali kwa njia ambayo wakati wa masika haikustahili kuitwa njia. Mama anasema wapo watoto wawili waliozaliwa humo humo ndani, kwenye viti vya pembeni. Mmoja wao sasa ni fundi bomba na bado hulipigia gari salamu anapopita. Baba alipofariki mwaka 2019, gari lilibaki chini ya banda la mabati, likiwaka siku linazotaka.

Ugonjwa haukuwa siri. Injini ilikuwa ile ya petroli ya lita mbili na robo, sentimita za ujazo 2,286, ambayo Land Rover walianza kuifunga katika magari yao mwaka 1958. Ina uvumilivu wa punda. Lakini silinda zake zilikuwa zimechongwa mara tatu, kila mara zikiwekewa pistoni kubwa zaidi, na fundi alipopima safari hii akasema hakuna tena nyama ya kuchonga. Lita moja ya petroli ilikuwa inaipeleka kilomita tano, sita kama ni mteremko. Tena petroli yenyewe si ile iliyoizoea. Injini za umri huo zilibuniwa wakati petroli ikichanganywa na madini ya risasi, na risasi ile, pamoja na kudhuru ubongo wa watoto, ilikuwa inakinga viti vya valvu visiliwe. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya namna hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ukatangaza kwamba hakuna nchi iliyobaki ikiiuza kwa magari ya barabarani. Sioni wa kulilia jambo hilo. Ila lilinifundisha kitu: wale waliosema tuiache injini kama ilivyokuwa walikuwa wanadai kisichowezekana. Hata tusingeigusa, dunia iliyoitengeneza ilikuwa imeshaondoka chini yake.

Tulikaa kikao. Kisheria gari lilikuwa bado ni sehemu ya mirathi, na kaka yangu mkubwa ndiye msimamizi aliyethibitishwa na Mahakama ya Mwanzo, lakini msimamizi wa mirathi mwenye akili hauzi hata kuku bila kumwita baba mdogo. Kaka anaishi Dar es Salaam na huangalia video za magari hadi usiku wa manane. Alitaka injini ya 1KZ, ile yenye tabo ya kwenye Prado. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Alisema nguvu ile itang'oa meno ya giaboksi ya zamani kabla hatujafika Rhotia, na siku kompyuta yake ikigoma porini nani ataisomea dua. Yeye alipendekeza 5L: dizeli, sentimita za ujazo 2,986, haina tabo, haina kompyuta, ipo kwenye Hilux na ndiyo inayosukuma Hiace mijini. "Spea zake," alisema, "utazikuta hata kwa muuza vocha."

Baba mdogo, ambaye hadi hapo alikuwa anachokonoa meno, akaweka kijiti chini. "Gari la kaka yangu mnataka kulitia injini ya daladala?"

Hakuna aliyecheka. Dada yangu akajaribu njia ya katikati. Zipo injini za dizeli za Land Rover wenyewe, zile za 300Tdi za kwenye Defender, za sentimita za ujazo 2,495, ambazo ukifuatilia nasaba yake utarudi kwenye bloki ile ile ya zamani. Ni mjukuu wa injini tuliyokuwa nayo. Baba mdogo alilainika kidogo aliposikia habari za nasaba. Kama lazima kuoza, basi tuoze ndani ya ukoo. Lakini bei yake ilikuwa karibu mara mbili, na fundi akakumbusha kwamba spea zake zinapatikana Arusha, wakati gari linakwamia barabara ya Mbulu.

Kuanzia hapo hoja za kiufundi ziliisha na baba akaanza kuzungumza. Baba angetaka gari litembee. Baba asingekubali litiwe kitu cha Toyota, alikuwa anazicheka Toyota. Baba alipenda dizeli. Baba alichukia moshi wa dizeli. Nilihesabu: marehemu alipiga kura mara sita katika kikao kile, tatu kila upande.

Ushahidi wa maisha yake nao haukusaidia. Ni kweli kwamba 2008 fundi mwingine alimshauri aweke dizeli akakataa. Ni kweli pia kwamba kabureta ya asili, ya Zenith, aliitoa mwenyewe akafunga ya Weber, na usukani uliokuwapo ulitoka kwenye Datsun. Mtu aliyekuwa anashika spana kila Jumamosi hakuwa mlinzi wa makumbusho. Lakini hakuwa pia mtu wa kukubali chochote. Alikuwa na sababu zake, na nyingi hakuzisema, kama wanaume wengi wa umri wake walivyokuwa hawasemi.

Kilichonifikirisha usiku ule ni neno alilotumia baba mdogo alipokuwa anaaga: "Msisahau, hii ni amana." Kiswahili kina maneno mawili hapa na hayafanani. Urithi ni kitu kilichokuwa cha mtu, sasa ni chako. Amana ni kitu cha mtu mwingine ulichopewa ukitunze, na sharti lake linajulikana na kila mtu aliyelelewa vizuri: unakirudisha kama ulivyokipokea. Ukiwekewa ng'ombe amana hubadilishi rangi yake. Baba mdogo alikuwa anasema gari ni amana. Kaka alikuwa anasema ni urithi. Na kikao chote, pamoja na vichekesho vyake, kilikuwa ni ugomvi juu ya maneno hayo mawili ambao hakuna aliyeutaja.

Amana ina mdai. Hapo ndipo penye ugumu wa hoja ya baba mdogo. Mwenye ng'ombe atakuja siku moja na fimbo yake aulize ng'ombe wangu yuko wapi. Baba hatakuja. Nasema hivyo bila ukali, mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye kiti cha mbele. Kitu kinachotunzwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kukidai kinaanza kubadilika tabia: kinakuwa kaburi. Na makaburi tunayaheshimu, tunayasafishia majani, lakini hatuyaombi yampeleke mtu hospitali saa nane usiku.

Nilisoma falsafa chuoni kwa mihula miwili, kiasi cha kutosha kumwudhi kila mtu kikaoni, kwa hiyo niliwatajia meli ya Theseus. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi meli ya shujaa wao, ya makasia thelathini, wakawa wanatoa mbao zilizooza na kuweka mpya mahali pake, hadi wanafalsafa wakagawanyika, wengine wakisema ni meli ile ile na wengine wakisema siyo. Karne nyingi baadaye Thomas Hobbes akaongeza kitendawili: je, kama kuna mtu aliyekuwa anaziokota mbao za zamani, akaziunga upya kwa mpangilio ule ule, meli ya Theseus ni ipi?

Dada aliuliza kama Waathene waliipanda meli hiyo. Swali zuri. Pwani yetu ilikuwa na jahazi la mtepe, lililoungwa kwa kamba za nazi bila msumari, na kamba zile zilioza, zikashonwa upya mara kwa mara. Sidhani kama nahodha wa mtepe alilala macho akijiuliza kama chombo ni kile kile. Alijiuliza kama kinavuja. Swali la "ni kile kile?" humjia mtu ambaye hana tena shida ya kuvuka.

Nalisema hili si kwa dharau. Lipo shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, nalo limeeleza gari la kihistoria ni lipi: liwe na umri usiopungua miaka 30, liwe limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisiwe linatumika kwa usafiri wa kila siku. Masharti mawili ya kwanza nayaelewa. La tatu lilinikera, kisha likanihuzunisha, na sasa linanifanya nicheke kidogo. Kwa kipimo hicho Land Rover iliyolala gereji huko Uingereza, inayotolewa Jumapili jua likiwaka, ni turathi. Ya baba, iliyobeba vitunguu na uchungu wa kuzaa kwa miaka karibu thelathini, ingestahili jina hilo baada ya kuacha kuwasaidia watu. Mwenye gari lile la Uingereza hana kosa. Ana gari jingine la kwendea kazini. Usahihi wa kihistoria ni kitu kizuri kwa mwenye magari mawili.

Na ukitaka kuwa sahihi kihistoria mpaka mwisho, utafika mahali pa ajabu. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa kwa mgawo baada ya vita. Gari la majaribio lililotangulia, ambalo usukani wake ulikuwa katikati, liliundwa juu ya chasisi ya Jeep ya Kimarekani na kufungwa injini ya gari dogo la Rover. Babu wa ukoo wote huu, basi, alikuwa na mifupa ya mtu mmoja na moyo wa mtu mwingine, akavaa nguo zilizopatikana. Nilimwambia baba mdogo habari hiyo nikidhani nimemshinda. Akasema, "Mwanangu, hayo ni ya Wazungu na gari lao. Mimi nasema la kaka yangu."

Hapo alikuwa na haki kuliko nilivyotaka kukubali. Kwa sababu kuna kitu kilikuwa ndani ya injini ile ambacho hakikuwa cha Land Rover wala cha historia ya magari. Asubuhi za baridi, choki ilivutwa vidole viwili, siyo vitatu, kisha unahesabu hadi kumi na mbili ndipo unairudisha nusu. Betri ikifa unaingiza hendeli mbele, na kidole gumba unakilaza upande mmoja na vidole vingine, hukizungushi, kwa sababu injini ikirudi nyuma kwa ghafla itakivunja. Baba alinifundisha hilo nikiwa na miaka kumi na moja, akanishika mkono akakihamisha kidole changu yeye mwenyewe. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha valvu, mpini kwenye sikio, kama daktari. Ujuzi wote ule ulikuwa unaishi kati ya mwili wake na injini moja. Hakuuandika, na katika orodha ya mali tuliyopeleka mahakamani kulikuwa na shamba, nyumba, ng'ombe, gari. Hapakuwa na mstari wa kujaza kitu kama hicho.

Mikono yangu iliurithi kiasi. Nikivuta choki vidole viwili, mkono wangu ulikuwa unafanya kile alichofanya mkono wake, mahali pale pale. Dizeli haina choki. Haina plagi za kusafisha kwa brashi Jumamosi. Unawasha, unasubiri taa ya rangi ya machungwa izime, unapiga stata. Kubadilisha injini kulikuwa ni kuufanya ujuzi ule usiwe na kazi popote duniani. Sijui neno la hasara ya namna hiyo. Najua kwamba hoja ya "angetaka" inaificha, pande zote mbili. Anayesema baba angetaka tubadilishe anataka kubadilisha bila kulipia. Anayesema baba asingetaka anaweka huzuni yake mwenyewe kwenye mdomo wa mtu mwingine ili asiulizwe kwa nini analia gari.

Mwishoni tulikubaliana kwa njia ya kawaida kabisa: mvua zilikuja, jirani akaugua, gari halikuwaka. Jirani alifika hospitali kwa bodaboda mbili, moja yake na moja ya mtu wa kumshikilia. Alipona. Juma lililofuata baba mdogo akampigia kaka simu akasema, "Fanyeni," akakata.

Tulinunua 5L iliyotumika, iliyotoka kwenye Hilux. Kazi ngumu ilikuwa kuiunganisha na giaboksi ya zamani, maana matundu ya bolti hayaongei lugha moja. Inachongwa bamba nene la chuma la kukaa katikati, na likikosea hata kidogo tu, klachi haitakuwa na amani. Tangi lilioshwa mara tatu kuondoa petroli. Likaongezwa bomba la kurudisha mafuta, chujio la kutenga maji na rejeta pana zaidi. Hayo fundi aliyafanya bila kutuuliza. Alituuliza kuhusu vishikio vya injini. Kuchomelea kwenye chasisi ni rahisi na haraka. Mimi ndiye niliyesema hapana, tufunge kwa bolti.

Wahifadhi wa majengo na michoro wana kanuni wanayojaribu kuifuata: unachokiongeza leo kiweze kuondolewa kesho bila kuumiza kilichokuwapo. Kabla yao John Ruskin, katika kitabu chake cha 1849 kuhusu taa saba za usanifu majengo, alidai kwamba majengo ya kale si mali yetu kabisa. Ni ya waliojenga na ya vizazi vitakavyotufuata, sisi hatuna haki ya kuyagusa. Nusu ya kwanza ya madai hayo siwezi kuikubali tena, kwa sababu nilizokwisha kusema: waliojenga hawatakuja kudai. Lakini nusu ya pili inaliokoa neno la baba mdogo. Gari ni amana kweli, ila aliyeliweka kwetu hayupo nyuma yetu. Yupo mbele. Ana miaka kumi na minne, ni binti wa kaka, ana jina la mama yangu, na alipokuja likizo aliuliza swali moja tu alipoona lile lidude la chuma limening'inia kwenye mnyororo: kwa nini hamkuweka betri? Nairobi kuna kampuni, zamani ikiitwa Opibus na sasa Roam, ambayo ilianza kwa kuyageuza magari ya safari kuwa ya umeme. Alikuwa ameiona kwenye simu. Kaka akaanza kumweleza habari za gharama. Mimi niliangalia zile bolti. Siku yake ikifika atazifungua kwa spana ya kumi na tisa na hatalazimika kukata kitu.

Fundi alilalamika. Bolti zilimchelewesha wiki mbili, na alituambia wazi kwamba hakuna mteja aliyewahi kumwomba upuuzi kama huo katika gari la kubebea vitunguu.

Jioni ya kwanza kaka alilileta nyumbani mwenyewe. Mama alikuwa jikoni. Zamani, kwa miaka yote ile, alikuwa analisikia kutoka kwenye kona ya korongo, kama dakika saba kabla ya kufika, na ndipo alipokuwa anainjika maji ya chai. Sisi watoto tulijua baba anakuja kwa kumwona mama akiinuka. Jioni hiyo gari lilipita korongoni, likapanda, likaingia uani likiunguruma vizuri kabisa, na mama hakuinuka. Alitoka taa za mbele zilipopiga ukuta. Alisimama mlangoni akijifuta mikono kwa khanga.

"Nilidhani ni wageni," alisema.

Kaka alikuwa na furaha nyingi mno kuisikia sentensi hiyo. Alizima, akawasha tena, akafungua boneti. "Sikiliza, mama, halitetemeki. Baba angefurahi sana."

"Baba yenu amekufa," mama alisema. "Mnaofurahi ni nyinyi. Furahini basi." Akarudi ndani kuweka maji.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Mwanzoni niliyasikia kama lawama, na kaka bado anayasikia hivyo. Mimi siyasikii hivyo tena. Alikuwa ametutenganisha na kisingizio chetu, akatuachia kitendo. Hakusema tumekosea, hakusema tumefanya vyema. Amelipanda gari lile tangu wakati huo mara nyingi kuliko mtu yeyote, hukaa mbele, huweka kikapu miguuni, na anapotaka dereva apunguze mwendo hugonga dashibodi kwa pete kama alivyokuwa akimgongea baba. Kuhusu mlio, sasa anaujua. Ilimchukua karibu mwaka.

Na kwa nini niseme hoja ile ni mbaya kuliko ya pesa? Kwa sababu anayesema "tuuze, nahitaji pesa" anaweza kujibiwa. Unaweza kumwambia ni ubinafsi, au unaweza kumpa pesa. Anayesema "marehemu angetaka" ameleta kikaoni mjumbe ambaye hawezi kuulizwa swali, hawezi kubadili mawazo, na hana aibu. Tunadhani tunamheshimu marehemu kwa kumtaja. Lakini marehemu tuliyemjua alibadilisha mawazo. Kabureta ya Weber ni ushahidi. Kumfanya awe na msimamo mmoja wa milele juu ya injini ni kumwondolea kitu cha mwisho kilichomfanya awe mtu, uwezo wa kuamka asubuhi na kusema, ah, hapana, nimefikiri tena.

Lilibaki suala la kadi. Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini, na kwa macho ya serikali swali la Plutarch lilikwisha kujibiwa zamani: gari ni chasisi, injini ni taarifa inayobadilishwa kwa kufuata utaratibu. Barua ilihitajika, yenye kueleza sababu. Rasimu ya kaka ilianza, "Kwa kuzingatia matakwa ya marehemu baba yetu." Dada akaifuta kabla sijafungua mdomo. Tuliyopeleka ilisema injini ya awali imechakaa na haiwezi kuchongwa tena, na kwamba warithi wameamua kuweka nyingine. Tulisaini wanne.

Ofisa aliisoma mara mbili, akalinganisha namba, akatoka nje na tochi kuhakikisha. Aliporudi aliuliza kitu ambacho hakikuwa kwenye fomu.

"Ya zamani iko wapi?"

Iko kwenye stoo ya baba mdogo, juu ya magogo mawili, imefunikwa turubai. Kila baada ya wiki chache anafungua plagi, anatia mafuta kidogo katika kila silinda, na anaizungusha kwa hendeli ili isigande. Amesikia kuna mtu Arusha anayeweza kuvisha silinda zilizokwisha mikono mipya ya chuma. Hajasema anataka kuifunga kwenye gari gani, na sisi hatujamuuliza.

"Ipo nyumbani," nilijibu. "Kwa baba mdogo."

Ofisa akaandika "ipo", akagonga muhuri.